Kamba ya Mafundo Sita

Munganga Polycarpe alikuwa muntu muzuri, sitamusema vibaya. Komite ya Bukavu, Masera, bwana yangu Édouard, hata wao sitawasema. Wamama wa hapa Bihambwe wanapenda kuniambia ku shamba: "Annonciata, wazungu walikutesa kabisa, mutoto yako alikosa masomo juu yao." Mimi ninaitika tu: "Ndiyo, walinitesa." Ninaitika juu ya kuona haya. Leo nimechoka kuitika. Mimi njo nilimufungia Godelieve mulango ya masomo, kwa mukono yangu hii ya kushoto, na ninaposema mukono sizunguki. Ni mukono yenyewe, hii yenye nyama na mifupa.

Mimi ni muntu wa Mpofi, chini kule Walikale, mu pori, fasi wantu wanalima na kutega nyama. Édouard alinioa akanipandisha huku ku milima ya Masisi, ku baridi na maharagi. Tulizaa watoto wawili tu. Wa kwanza alikuwa Albert.

Albert alikamatwa na tumbo mwaka wa 1948, akiwa na miaka sita. Siku ya ine alikuwa angali anapumua, nasema anapumua, kichwa yake ilikuwa ku mapaja yangu, wakati papa mukwe wangu Sebarenzi aliingia na kamba. Mvula ilikuwa inafunga kule juu, na udongo ya huku ikilowa haichimbike. Muzee alitaka shimo ipatikane mbele ya mvula. Akanyoosha kamba kutoka kichwa ya mutoto mpaka ku miguu, akafunga fundo, akatoka bila kunitazama. Albert aligeuza macho akaifuata ile kamba mpaka ku mulango. Jua ilikuwa haijashuka, na yeye alikuwa amekwisha kwenda.

Kwetu Mpofi kamba ya kupima inagusa muntu mara moja tu, wakati amekufa. Hata fundi wa nguo alikuwa anatupima kwa macho, nguo ikizidi, basi inazidi, unakunja mikono unaenda misa. Nilibatizwa, ninasali rozari, na Padri alitufundisha kama mambo ya kamba iko upuuzi. Sawa. Padri hakuona macho ya Albert.

Godelieve alizaliwa mbele kidogo ya Noeli ya 1946. Akiwa na miaka tatu homa ilimuchoma siku tatu, ya ine homa ikashuka, na muguu yake ya kuume ikakataa. Haikuvimba, haikuuma, ilikataa tu. Ikawa inaning'inia pale, inapoa, inakonda, na ile ingine inakomaa. Tangu siku ile nilimubeba ku mugongo kwenda shamba, ku mutoni, ku misa. Édouard alikuwa ananitania: "Annonciata, wewe umemuzaa mara moja lakini unabeba mimba miaka na miaka." Nilikuwa ninacheka. Mutoto mwenyewe alikuwa anacheka kunishinda.

Wakati ninalima, nilikuwa ninamuacha nyuma ya kapela, kando ya ukuta ya matete, fasi kuna kivuli. Ndani ya kapela monitere Floribert alikuwa anafundisha vijana wa kiume kusoma. Siku moja anaandika ku ubao, anauliza nani anaweza kusoma, vijana wote kimya. Sauti ikatoka nje, mu matete: "Bwa-na ye-su a-li-pa-nda ku mu-li-ma." Floribert akatoka na chaki ku mukono, akakuta mutoto wa miaka saba amekaa mu vumbi, amepenyesha jicho mu tundu ya ukuta. Ardhi yote pembeni yake ilikuwa na alfabeti, ameandika na kijiti.

"Mama Annonciata," Floribert akaniambia, "huyu mutoto ukimuacha hapa ni zambi."

"Nimupeleke wapi?"

"Kwa Masera."

Masera, watawa wa kike, walikuwa na masomo ya wasichana ku mulima ingine, saa mbili ya kutembea. Nilienda na Godelieve ku mugongo. Masera direktrisi, mukubwa wao, alikuwa mwanamuke murefu, mupole, anajua Swahili ya kweli. Alimupa mutoto kitabu, mutoto akasoma ukurasa mzima bila kupumzika. Masera akatabasamu. Kisha akauliza: "Anasimama mwenyewe? Anaenda ku choo mwenyewe?"

"Masera, mimi nitakuya naye kila siku. Nitakaa nje ya kalasi. Akitaka kwenda, nitamubeba."

"Hapana, Mama. Kanuni iko hivi: mutoto anaingia kwa miguu yake. Na anaingia mbele ya kumaliza miaka kumi. Akipita pale, kalasi ya kwanza haimupokee tena."

Nilirudi ninalia njiani. Godelieve ku mugongo yangu alikuwa anahesabu ku vidole: sasa saba, kisha nane, kisha tisa. "Mama, tuko na wakati," akaniambia.

Njo Floribert akaleta karatasi moja. Ilitumwa kwa mamonitere wote: serkali imeweka komite kule Bukavu, na komite ile inalipa vyombo vya wanafunzi vilema. Miwani kwa wenye macho mabovu, chuma ya kufunga ku muguu kwa wale wasiotembea. Bure kabisa, kese, mufuko ya serkali, inalipa yote. Nilimuomba anisomee mara tatu. Mara ya tatu nilipiga magoti mu vumbi na kushukuru Mungu.

"Ngoja kwanza," Floribert akasema. "Imeandikwa 'wanafunzi'. Mutoto asiye ku rejistri ya masomo, hawamupi kitu."

"Na Masera hawamuandike ku rejistri mbele ya kutembea."

"Vile njo iko."

Tulitazamana. Kupata chuma, lazima uwe mwanafunzi. Kuwa mwanafunzi, lazima uwe na chuma. Floribert alikaa, akakuna kichwa, kisha akafungua rejistri yake ya kapela, ile ya vijana, akaandika jina la mutoto wangu pale katikati: Godelieve, mwaka wa kwanza. Mutoto wa kike mu rejistri ya vijana, na muzungu inspektere anapita kila mwaka kuisoma! "Akiniuliza," Floribert akasema, "nitajibu kama nilikuwa na malaria." Alicheka, kisha akafunga rejistri haraka na kutazama mulango.

Dosie, zile karatasi za mutoto, ikaenda Bukavu. Mwezi wa pili wa 1955 munganga Polycarpe akakuya. Alitoka ku dispansere ya Kibua, kuchanja wantu ndui, viatu vyake vilikuwa vimefunguka midomo kwa matope. Alituma neno kama amekuya kupima muguu ya Godelieve kwa ajili ya chuma. Niliosha mutoto, nikamupaka mafuta, nikamuvalisha nguo ya Paska. Munganga akakaa ku kiti, akatafuta mu mufuko yake.

"Utepe yangu ya kupimia ilibaki ku dispansere," akasema. "Haizuru. Tutafanya na kamba, kisha nitalaza kamba ku ubao ya santimetri nikifika."

Akatoa kamba ya rafia.

Ndugu zangu, sijui nilifanya nini. Walinielezea baadaye. Wanasema nilimurukia mutoto, nikamufunika na mwili yangu yote, nikapiga makelele: "Hapana! Si huyu! Si huyu!" Édouard alinivuta bega, nikamuma mukono. Munganga wa watu alisimama pale na kamba yake, amepigwa na butwaa. Floribert alitazama chini. Na Godelieve chini ya kifua yangu alikuwa ananiambia polepole: "Mama, acha anipime. Mama, ni ya masomo."

Polycarpe alikuwa mutoto wa huku huku, alijua habari ya Albert na kamba. Hakunicheka. Akasema: "Basi, Mama, pima weye mwenyewe. Labda mukono ya mama haina ubaya. Nitalala ku kapela, asubuhi utanipa kamba." Akanionyesha ku muguu yake mwenyewe: kutoka paja mpaka goti, fundo. Kutoka goti mpaka kifundo ya muguu, fundo. Kuzunguka paja. Kuzunguka chini ya goti. Urefu ya kanyagio, kutoka kisigino mpaka vidole. Kuzunguka kisigino. Mafundo sita ku kamba moja. "Usikosee, Mama. Fundi atatengeneza kufuata kamba hii, hatamuona mutoto."

Nikaitika ndiyo.

Asubuhi, mutoto angali analala, nikakaa mu jikoni na ile kamba. Nilimusogelea mara mbili. Mara ya pili nilifika mpaka nikanyoosha rafia juu ya blanketi, haijamugusa bado, na yeye akageuza kichwa mu usingizi, upande ule ule Albert aligeuzia. Nikarudi jikoni.

Pale njo niliwaza akili yangu ile ya kijinga. Miaka tano nilikuwa ninamuogesha mutoto huyu. Muguu yake nilikuwa ninaijua kushinda uso yangu, na kila mara nikiilaza kando ya mukono yangu kuisugua niliona: urefu moja, unene moja. Muguu imekonda, mukono ya mulimaji imekomaa, wanalingana. Basi kama kamba inaita kaburi, iite mimi. Nikavua shuka ku bega. Nikapima mukono yangu ya kushoto. Kutoka kwapa mpaka fasi mukono inapokunjika, fundo. Kutoka pale mpaka fasi ya bangili, fundo. Nilikuwa ninafunga na mukono ya kuume na meno. Kuzunguka juu, fundo. Kuzunguka chini, fundo. Kiganja mpaka ncha ya vidole, fundo.

Ya sita ilikuwa kisigino. Mukono haina kisigino. Nilikaa kidogo nikiitazama. Kisha nikazungusha kamba ku fasi ya bangili, nikafunga fundo na meno, nikapeleka kwa munganga.

"Umemupima muzuri?"

"Nilimupima akiwa analala."

Alinishika mukono na kunishukuru. Ile ile ya kushoto.

Kama ningekufa mwaka ule, ingekuwa sawa, ningesema kamba ilifanya kazi yake. Lakini sikuugua hata mafua. Nililima, nilivuna, nilibeba. Komite inakutana mara mbili ku mwaka, Floribert alituambia, na mara ya kwanza haikufikia dosie yetu. Mwaka ukaisha. Godelieve akafika miaka tisa. Alikuwa amekwisha kusoma kila kitu ya kusoma mu Bihambwe: katekisimu, karatasi za kufungia sabuni, maandishi ya masanduku ya duka. Jioni alikuwa anamufundisha Édouard kuandika jina lake, na bwana mukubwa ule alikuwa anatoa ulimi pembeni kama mutoto wa kalasi ya kwanza.

Mwezi wa pili wa 1956 Polycarpe akarudi na barua. Tulikuwa wote pale ku kiwanja, Édouard, Floribert, mutoto ku mukeka.

"Komite imekubali," akasema.

Yoo, furaha gani ile! Édouard alinibeba juu. Godelieve alipiga mikono mpaka ikawa nyekundu.

"Lakini," Polycarpe akaendelea, "fundi anauliza. Anasema vipimo inamushangaza. Chini ya goti kuna nyama nyingi kwa mugonjwa, na ku kisigino ni ndogo mno. Anaomba tuhakikishe mbele ya kukata chuma." Akanigeukia. "Mama Annonciata. Kamba ilikuwa muzuri?"

Mungu alinipa mulango, nawaambia, mulango wazi kabisa, na munganga mwenyewe ameishikilia. Ningesema neno moja tu. Lakini niliwaza: nikisema, watatoa kamba tena. Nikisema, dosie inarudi Bukavu, komite inakutana mara mbili ku mwaka, na mu mwezi wa kenda Masera wanaandika watoto kwa mara ya mwisho ambayo Godelieve anaweza kuingia. Noeli ikifika ana miaka kumi. Niliwaza vilevile, chuma ni chuma, ikikuya na kasoro muhunzi ataigonga kidogo. Na Édouard alikuwa amenishika bega, anacheka. Na mutoto alikuwa ananitazama.

"Iko vile," nikasema. "Iko muguu ya mutoto wangu."

Polycarpe akaandika vile nilivyosema, akapiga sahihi.

Sanduku ilifika mwezi wa saba. Ilikuwa ya mbao, na jina la Godelieve juu yake kwa rangi nyeusi. Yeye mwenyewe alilisoma kwa sauti mbele ya kijiji mzima. Ndani, mu majani makavu, chuma ililala: vyuma viwili vyembamba, mikanda ya ngozi, na chini kiatu, kiatu ya kweli, ya ngozi ya rangi ya kahawa. Godelieve aliishika akanusa ndani yake, akafunga macho.

Polycarpe akatuonyesha vile inafanya. Pale ku goti kuna bawaba, na pembeni vifungio viwili. Ukinyoosha, inajifunga yenyewe, kwaa, na muguu inakuwa nguzo. Kukunja, lazima ufungue vifungio vyote viwili kwa mara moja, mukono huku na mukono huku. Na ku vyuma kulikuwa na matundu matatu. "Hii ni ya kukua," akasema. "Mutoto akikua, tunasogeza. Walifikiri yote."

Walifikiri yote, kweli. Ile maneno ilinichoma kupita yote.

Alisogeza vyuma mpaka tundu ya pili. Urefu ikafika. Paja ikaingia. Kisha akamuvalisha kiatu. Vidole vikaingia, nusu ya kanyagio ikaingia, na kisigino ikagoma. Alisukuma. Alifungua kamba ya kiatu yote. Alipaka mafuta ya mawese. Godelieve alikuwa anamusaidia kusukuma, jasho inamutoka. Polycarpe akasimama, akatoa fishi yake, karatasi ya vipimo, akasoma, akatazama muguu, akasoma tena. Kisha akanitazama mimi. Akakunja fishi, akairudisha mu mufuko.

Édouard ndiye alikamata kisu. Alipasua kiatu nyuma, kutoka juu mpaka chini. Kisigino ikaingia kwa nguvu, na chuma ya pembeni ikakaa juu ya mufupa ya kifundo, moja kwa moja. Wakamusimamisha. Kwaa, ikajifunga. Na mutoto wangu, miaka sita na zaidi tangu homa ile, akasimama. Akatembea hatua ine mpaka kwa baba yake. Wantu walilia. Édouard alilia. Mimi nilikuwa ninatazama kifundo.

Alijifunza wiki nane. Alifunga majani ya ndizi ndani ya kiatu, alifunga pamba, alifunga kitambaa cha shuka yangu. Kila jioni nilimuogesha na niliona kidonda imekula zaidi. "Pumzika, mama yangu," nilimuambia. "Acha siku mbili." Alikuwa anajibu: "Nitapumzika ku benchi ya Masera." Muhunzi alijaribu kupanua chuma, lakini chuma ya fundi wa Bukavu haikubali nyundo ya kwetu, aliogopa itavunjika.

Siku ya kuandika watoto nilimubeba mpaka karibu na kibaraza cha Masera. Pale akaniambia: "Nishushe." Akanyoosha nguo, akafunga chuma, akaingia kwa miguu yake. Masera direktrisi alikuwa ku meza pamoja na rejistri. Alipomuona alisimama, akaweka mukono ku mudomo. Wasichana wote wakageuka. Godelieve alitembea simiti ile yote, tika, tika, bila kushika ukuta, akafika ku meza akasema: "Ninaitwa Godelieve. Nina miaka tisa."

Masera alikamata kalamu. Aliikamata, niliona kwa macho yangu. Alikuwa anataka kuandika. Kisha akatazama simiti.

Kulikuwa na alama. Kutoka mulango mpaka meza, kila hatua ya muguu ya kuume, alama moja nyekundu.

"Mutoto, inakuumiza?"

"Hapana, Masera. Inanienea."

"Inakuumiza."

"Inanienea kabisa, Masera. Ni yangu. Iko na jina langu ku sanduku."

Masera alizunguka meza, akapiga magoti ku simiti na nguo yake nyeupe, akafungua kiatu. Nilisikia harufu kutoka fasi nilisimama. Yeye hakukunja uso. Alifunga kidonda na kitambaa yake mwenyewe, akaishika chuma, akaigeuza, akapima na macho. "Hii haikutengenezwa kwa muguu ya mutoto huyu," akasema. "Nani alipima?"

Godelieve njo alijibu: "Mama. Alinipima wakati ninalala. Mama anajua muguu yangu kunipita mimi." Alisema vile kunitetea, na kiburi mu sauti.

Masera aliandikia komite barua, hiyo siwezi kumunyima. Jibu ilikuya kisha ya Noeli. Mutoto mumoja anapewa chombo moja, vipimo vilihakikishwa kwa sahihi, kuna watoto wengine wanangoja, dosie imefungwa. Noeli ilikuwa imepita na miaka kumi ilikuwa imetimia, kwa hiyo hata barua ingekuwa tamu haingesaidia kitu. Na inspektere, juu ya barua ile, aliulizia ni mwanafunzi gani huyu Godelieve, wa masomo gani. Walifungua rejistri ya vijana. Floribert aliitwa. Malaria yake haikusikilizwa. Walimutoa ku kazi, akashuka Walikale kulima kwa mukwe wake, na siku ya kwenda alipita kumuachia Godelieve ardwazi yake, kibao ya kuandikia. Hakuniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Kidonda kilikauka. Chuma tuliiweka juu ya dari, mu moshi, pamoja na mbegu.

Siku ya kupiga maharagi, Édouard akiwa shamba na Godelieve nje ku mukeka anachagua, nilipanda kutoa kikapo. Mukono ikagusa ile ngozi. Sijui ni shetani gani alinituma. Niliishusha. Nilitaka kujua tu. Nikarudisha vyuma ku tundu ya kwanza, nikavua shuka ku bega, nikaingiza mukono ya kushoto.

Ikaingia polepole, bila kugusa fasi. Mukanda ya juu ilikamata fasi yake. Bawaba ilikaa sawasawa fasi mukono inapokunjika. Ndani ya kiatu kile vidole vyangu vilifika mpaka mwisho, vikapumzika. Hakuna kunibana, hakuna kulegea. Fundi wa Bukavu alikuwa fundi. Sijawahi kuvaa kitu iliyonienea vile, hata nguo ya ndoa. Nikanyoosha, na chuma ikajifunga, kwaa.

Nikasikia maharagi inamwagika.

Godelieve alikuwa ku mulango. Alikuwa amejikokota na sahani ya maharagi ku mapaja, na sahani ilikuwa imepinduka. Alitazama mukono. Alitazama bawaba, mukanda, kiatu. Huyu ni mutoto aliyejifunza kusoma mu tundu ya ukuta, hakuhitaji muntu amusomee.

"Mama," akasema, "ilikuwa yako."

"Gode, nilikuwa ninaogopa. Albert, ndugu yako, walimupima angali anapumua, na mimi nilisema afazali kaburi inikamate mimi..."

"Ilikuwa yako tangu zamani."

"Gode."

Alikusanya maharagi machache yaliyokuwa karibu, akaweka mu sahani, moja moja. Hakulia. Ningependa alie.

"Basi weye njo uende kusoma," akasema.

Nilitaka kumukamata. Nilianguka magoti mbele yake kumukumbatia, lakini chuma ilikuwa imenyoosha mukono yangu, haikunjike, na vifungio vinataka mikono miwili, mimi nilibaki na moja. Nilihangaika nayo pale chini. Aliningojea kidogo, akaona siwezi, akageuka, akajikokota akarudi nje ku mukeka.